Madaktari wa mifugo wa bure wanakuja Jumamosi: nipeleke mbwa wangu ama niwaache nyumbani?

"Daktari habari. Mimi niko upande wa Ahero, kaunti ya Kisumu, tuna boma na mbwa watatu, dume mmoja na majike wawili. Chifu alitangaza kwa baraza kwamba Jumamosi hii kuna madaktari wa mifugo wa kujitolea watakuja uwanja wa shule ya msingi, watachanja mbwa na paka dhidi ya kichaa cha mbwa bila malipo na wenye wanataka mbwa wao wafungwe uzazi watafanyiwa hapo hapo. Sasa mzee wangu hataki kusikia. Anasema cha bure kina shida, mwaka juzi tulipeleka mbwa wetu mwingine akadungwa na baada ya wiki mbili hivi akafa, na jirani naye anasema wake alihasiwa akawa wa kulala tu hata mwizi akipita. Mimi niko katikati. Jike mmoja ana mimba kubwa, mwingine ananyonyesha watoto wa wiki sita, si watadhurika? Na hawa volantia si ni wanafunzi wanakuja kujifunzia kwa mbwa wetu? Nauliza kwa sababu nina watoto wadogo, hata wiki iliyopita kijana wangu wa miaka sita alikwaruzwa mguu na mbwa wa kupita tu, hatumjui, lakini ilikuwa kidogo tukapaka tumbaku ikakauka."

Dadangu, asante kwa kuandika yote bila kuficha. Swali lako kubwa ni la Jumamosi na nitalijibu lote, lakini hiyo sentensi yako ya mwisho ndiyo nataka tuanze nayo, na ningependa uifanyie kazi kabla hata hujamaliza kusoma hapa. Mpeleke huyo mtoto hospitali leo. Usingoje Jumamosi, na usingoje uone kama ataanza kuumwa. Mwambie daktari au klinishiani maneno haya: alikwaruzwa na mbwa asiyejulikana, ngozi ilichubuka, ni wiki iliyopita, na hajapata chanjo ya kichaa. Kama unaweza piga simu kwanza uulize hospitali gani ina hiyo chanjo saa hii, kwa sababu si kila dispensari huwa nayo na usije ukazunguka na mtoto siku nzima. Kama damu ilitoka hata kidogo sema pia, maana hapo kuna dawa nyingine ya kinga inayodungwa pembeni ya kidonda pamoja na chanjo ya mkono.

Najua utaambiwa ni kukwaruzwa tu. Virusi vya kichaa viko kwenye mate, na mbwa hujilamba miguu na kucha siku nzima, na mara nyingi kile tunaita kukwaruzwa ni jino lililoteleza. Kidonda kukauka hakutuambii chochote. Virusi vikiingia kwenye nyama vinakaa pale kidogo, halafu vinashika mshipa wa fahamu na kupanda nao polepole kuelekea kwa ubongo, na hiyo safari kwa watu wengi huchukua miezi miwili au mitatu, wengine wiki chache tu, wengine hata mwaka. Wakati huo wote mtoto anacheza, anakula, hana homa. Vikifika kwenye ubongo dalili zinaanza na hapo hakuna dawa, kabisa. Lakini ile miezi ya safari ndiyo nafasi yetu, chanjo ikiingia mapema mwili unajifunza kuviua kabla havijafika. Ndio maana hata kama imepita wiki moja bado unaenda, usiseme nimechelewa basi nikae.

Na usiogope ile hadithi ya sindano kumi na nne za tumbo. Hiyo ilikuwa zamani. Siku hizi zinadungwa mkononi, ya kwanza siku ukifika, ya pili siku ya 3, ya tatu siku ya 7, na nyingine kwa tarehe watakazokuandikia. Zikamilishe zote hata kama mtoto ni mzima na nauli imekuwa shida, nakuomba sana. Siku nyingine mtu akiumwa au akikwaruzwa, sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, angalia saa, halafu hospitali. Tumbaku, pilipili, mafuta ya taa, dawa ya miti, zote ziache, zinachoma nyama tu na kufanya watu waone kuna kitu kimefanyika.

Haya, sasa Jumamosi.

Mzee wako nampa haki yake. Mtu aliyepeleka mbwa mzima kudungwa kisha akamzika wiki mbili baadaye ana sababu ya kukataa, na ukimwambia tu kwamba amekosea hatakusikiliza. Lakini mwelezee hivi. Chanjo ya kichaa ya mbwa imetengenezwa na virusi vilivyouawa, vimekufa, haviwezi kufufuka vikampa mbwa ugonjwa. Madhara ya sindano yenyewe yako, siwezi kukudanganya, na ile mbaya ni mzio: mbwa anavimba uso, anatapika, anaishiwa nguvu. Hiyo inatokea ndani ya dakika au saa chache, si wiki mbili baadaye. Mengine ni uvimbe mdogo pale alipodungwa na uchovu wa siku moja mbili.

Sasa wiki mbili baadaye kinachoua mbwa ni nini? Kwa sehemu zetu kuna mengi. Kuna parvo, ile ya kutapika na kuharisha damu, hasa kwa mbwa wadogo. Kuna distempa, ugonjwa wa virusi unaoshambulia mapafu na ubongo wa mbwa. Kuna homa za kupe, maana uwanda huu wote wa Kano na ng'ombe na nyasi zake kupe hawakosi. Kuna sumu, mtu ametega panya au ametega mbwa. Chanjo ya kichaa haizuii hata moja ya hizo, inazuia kichaa peke yake, na hapo ndipo watu wengi huchanganyikiwa, wanadhani mbwa akichanjwa amechanjwa kila kitu. Halafu kuna lile jambo gumu zaidi. Ile safari ya virusi niliyokueleza kwa mtoto ndiyo ile ile kwa mbwa. Mbwa wako angeweza kuwa ameumwa na mbwa mgonjwa mwezi mmoja kabla ya siku ya chanjo, anadungwa akiwa tayari na virusi njiani, na chanjo ya mbwa ambaye hajawahi kuchanjwa inataka kama wiki tatu au nne ndipo kinga isimame vizuri. Huyo angekufa tu. Kama kabla ya kufa alibadilika tabia, akawa mkali kwa watu wa nyumbani au akajificha gizani, sauti ikabadilika, taya likalegea na mate yakamwagika, basi fikiria nani alimshika siku hizo na muwaambie hospitali. Kama aliharisha damu tu akaisha, hiyo ni hadithi nyingine.

Kuhusu bure. Hakuna dawa ya bure, kuna iliyolipiwa na mtu mwingine, na ni haki kuuliza ni nani na kwa nini. Kwa kichaa sababu iko wazi. Serikali ya Kenya ina mpango wa kumaliza kichaa kwa binadamu ulioanza 2014 na unaishia 2030, na kaunti tano zilichaguliwa kuanza nazo: Kisumu, Siaya, Homa Bay, Machakos na Kitui. Tatu kati ya hizo ni za huku kwetu ziwani, na si ajabu, mtu wa kwanza aliyeandikwa rasmi kupata kichaa nchini alikuwa mama wa ukanda huu wa ziwa, mwaka 1928. Karibu watu wote wanaokufa na kichaa waliambukizwa na mbwa, duniani makadirio ni kama watu 59,000 kwa mwaka, na watoto chini ya miaka 15 ni wengi mno kwenye hiyo hesabu kwa sababu ndio wanacheza na mbwa na ndio hawasemi wakiumwa. Kumtibu mtu mmoja aliyeumwa ni maelfu ya shilingi, kumchanja mbwa ni pesa kidogo. Kwa hivyo anayelipia chanjo ya mbwa wako anamkinga kijana wako na wa jirani.

Lakini hii haifanyi kazi ukienda peke yako, na hapa naomba mzee wako asikilize zaidi. Mbwa mmoja mwenye kichaa kwa wastani anaambukiza mbwa mwingine mmoja, au zaidi kidogo ya mmoja. Si wengi. Maana yake ukiondoa wengi wa wale anaoweza kuwaambukiza, ugonjwa unakosa pa kwenda na unajifia. Hesabu imeonyesha tukichanja mbwa 70 kwa kila 100, na tukirudia kila mwaka, mnyororo unakatika. Kwa nini 70 wakati hata pungufu ingeonekana kutosha? Kwa sababu mbwa wetu hawaishi sana, kufika mwaka unaofuata wengine wamegongwa na magari ya barabara ya Kericho, wengine wamekufa tu, na watoto wapya wamezaliwa ambao hawajadungwa, kwa hivyo ile 70 ya leo inashuka kila mwezi na lazima ibaki kiwango cha kutosha mpaka timu irudi. Mexico walifanya hivi miaka mingi bila kuchoka, na 2019 Shirika la Afya Duniani likathibitisha kwamba hawana tena vifo vya watu kutokana na kichaa cha mbwa. Boma moja likibaki na mbwa watatu bila chanjo, na la pili, na la tatu, kijiji kinarudi chini ya hiyo hesabu hata kama waliokuja walijitahidi vipi.

Na hapo hapo niseme, kule kuweka sumu kwa nyama ili "kupunguza mbwa" kunafanya mambo yawe mabaya. Unaua waliochanjwa pamoja na wasiochanjwa, chakula cha takataka kinabaki pale pale, na baada ya muda mfupi mbwa wageni ambao hakuna anayewajua wanahamia. Inaniuma kila nikisikia kijiji kimefanya hivyo mara tu baada ya kampeni.

Wanafunzi: ndiyo, wengine watakuwa wanafunzi. Hiyo si aibu, ndivyo madaktari wa mifugo wanavyotengenezwa, na kudunga chanjo chini ya ngozi ni kazi ambayo mwanafunzi au mhudumu wa afya ya mifugo anaifanya vizuri kabisa akiwa na msimamizi. Ila lazima kuwe na daktari aliyesajiliwa na Kenya Veterinary Board pale uwanjani, awepo yeye mwenyewe, na upasuaji ni yeye anaufanya ama anasimama juu yake. Uliza kwa heshima tu, "daktari msimamizi ni nani leo?" Timu nzuri haikasiriki ukiuliza, inakuonyesha. Uliza pia kama ofisi ya mifugo ya kaunti inajua, huwa inajua kama chifu ametangaza, lakini uliza.

Kitu cha pili cha kuangalia, na kwangu ndicho cha maana kuliko sare na mabango, ni boksi ya barafu. Chanjo inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8. Ukiona chupa zimepangwa mezani kwenye jua la Ahero la saa sita, hata daktari awe wa kutoka wapi, hiyo chanjo inakuwa kama uji uliolala nje, unaonekana uji lakini huwezi kuutegemea. Kila mbwa adungwe na sindano yake mpya. Na usiondoke bila kadi, iandikwe tarehe, jina la mbwa, jina lako na namba iliyoandikwa kwenye chupa ya chanjo. Ikae na kadi za kliniki za watoto. Siku mbwa wako akimng'ata mtu hiyo kadi itawaokoa nyote wawili.

Sasa wanyama wako mmoja mmoja. Mwenye mimba anaweza kuchanjwa kichaa, chanjo iliyouawa haimdhuru yeye wala watoto. Shida yake ni msongamano, kuvutwa na kamba, kupigana na mbwa wengine, joto. Kama mimba ni kubwa kweli usimburute kilomita mbili hadi shule, waambie timu mapema kupitia mzee wa kijiji, mara nyingi kuna pikipiki inayozunguka kwa waliobaki. Anayenyonyesha achanjwe bila wasiwasi, maziwa hayaharibiki. Watoto wa wiki sita nao wapeleke. Najua utasikia "chini ya miezi mitatu hawachanjwi", na kwa kliniki ya mjini ambapo utarudi wakati wowote hilo lina maana, kwa sababu kinga ya maziwa ya mama inaweza kupunguza nguvu ya chanjo. Lakini kwa kampeni ya kijijini Shirika la Afya Duniani linataka mbwa wote wachanjwe hata wadogo, kwa kuwa timu ikiondoka hao watoto watakaa mwaka mzima bila kitu. Ukiweza, wakifika miezi mitatu wadungwe tena kwa ofisi ya mifugo. Wabebe kwa katoni yenye matundu. Paka pia, kwa gunia safi ama katoni iliyofungwa, usimshike mkononi katikati ya mbwa hamsini.

Upasuaji ni uamuzi tofauti na hapa sina haraka kama kwa chanjo. Chanjo nasema nenda bila kujiuliza. Kufunga uzazi nasema inategemea nani anabaki baada ya gari kuondoka.

Kwanza nikuondolee la jirani. Kuhasi dume hakumfanyi asahau boma lake. Kulinda ni tabia ya mbwa kujua mahali pake na watu wake, haitoki kwenye korodani. Kinachopungua ni kuzurura kufuata majike, kupigana na kurudi na masikio yamechanika, kukojolea kila nguzo. Kwa hivyo unapata dume anayekaa nyumbani usiku, na mimi naona huyo ndiye mlinzi. Ila mwili wake unahitaji chakula kidogo kuliko zamani, ukiendelea kumpa ugali ule ule ananenepa, na mbwa mnene hulala, pengine ndicho jirani aliona. Kwa jike, ile ya kusema lazima azae mara moja kwanza haina msingi. Jike anapata joto kama mara mbili kwa mwaka, mimba ni siku 63 hivi, akibeba sita sita wewe mwenyewe piga hesabu na ukumbuke wanaishia wapi. Akifungwa anaepuka pia usaha wa kizazi, ugonjwa unaoua majike wakubwa. Kuna na ule uvimbe wa sehemu za siri unaofanana na koliflawa na unaotoa damu, mbwa wanaambukizana wakipandana, tunauona sana kwa mbwa wanaozurura. Ukiwa na mbwa wa hivyo mwonyeshe daktari, unatibika kwa sindano za kila wiki, si wa kuua.

Lakini kwa wako, Jumamosi hii, mimi ningempeleka dume tu kwa upasuaji. Mwenye mimba kubwa mishipa ya kizazi imejaa damu, si kazi ya kufanyia chini ya hema bila sababu. Anayenyonyesha mwache amalize, maziwa yakauke, afungwe msimu ujao au kwa kliniki. Kama dume ataenda, asile kuanzia usiku wa Ijumaa, maji sawa mpaka asubuhi. Dawa ya usingizi na tumbo lililojaa haviendi pamoja, anaweza kutapika akiwa amelala na chakula kikaingia kwenye mapafu. Usidanganye kwamba hajala kama amekula, sema tu, watakupa siku nyingine.

Kabla hujamwachilia kamba uliza maswali matatu. Atapewa dawa ya maumivu ya kwenda nayo nyumbani? Nyuzi zinatolewa ama zinayeyuka zenyewe? Na Jumapili usiku akiharibika nampigia nani? Kama hilo la tatu halina jibu, yaani timu nzima inarudi Nairobi jioni na hakuna daktari wa hapa Ahero au Kisumu aliyekubali kuwapokea, chukua chanjo, na dawa ya minyoo kama wanatoa, urudi na mbwa wako nyumbani. Simaanishi ni watu wabaya. Wengi wanalipa mafuta ya gari kutoka mfukoni na wanafanya kazi jua kali bila chai. Lakini kidonda kikifumuka siku ya tatu nia njema haiwezi kukishona.

Akirudi amepasuliwa, alale ndani pakavu siku kumi hadi kumi na nne, asilale kwenye majivu, asiogeshwe, asiachwe kulamba kidonda. Asubuhi inayofuata anatakiwa awe amesimama na anataka kula. Akishindwa kusimama, ufizi ukiwa mweupe, damu ikidondoka bila kukoma, mfuko wa korodani ukivimba kama ngumi au ukitoa usaha, usingoje na usimpe panadol ya watu, piga ile namba au mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Ukiwa pale uliza pia kuhusu kupe na funza, mbwa hubeba funza wale wale wanaoingia vidoleni mwa watoto. Usichukue dawa ya kuogeshea ng'ombe ukampaka mbwa kwa kukadiria na jicho, na usimdunge ivermectin ya ng'ombe, hasa watoto wa mbwa, kipimo kikizidi wanatetemeka na kufa.

La kumwambia mzee jioni, bila kubishana: aje Jumamosi na nyinyi. Mbwa hao wanamjua yeye, akishika kamba mwenyewe watatulia kuliko wakiletwa na watoto, na watoto chini ya miaka kumi na tano mimi nisingewaacha washike mbwa kwenye foleni ile. Fikeni saa mbili asubuhi kabla jua halijawa kali na mbwa hawajaanza kuchokozana. Aangalie hiyo boksi ya barafu kwa macho yake, amuulize daktari msimamizi kuhusu yule mbwa wa mwaka juzi, dalili zote anazozikumbuka, na aamue la dume akiwa pale.